Solex, Zenith au Weber: choki ya Land Rover Series IIA

Mkulima wa Njombe
Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Rover Series IIA ya petroli, injini ya lita 2.25, yenye kabureta yake ya asili (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), Solex 40 PA10-5A. Alfajiri ya baridi navuta choki (kidhibiti cha kuongeza petroli kwenye mchanganyiko ili injini baridi iwake), nakanyaga aksileta na kupiga stata kwa muda mrefu bila gari kushika. Likishika, hutoa moshi mweusi hata baada ya kurudisha choki. Fundi wangu amechungulia mdomo wa kabureta akitafuta kifuniko cha kuziba hewa, hakukiona, akasema kiling'olewa zamani. Ananishauri ninunue kabureta ya Zenith 36 IV, ilhali jirani anasifu ya Weber 34 ICH. Nichague ipi?

Jeti Kavu
Mkuu, hakuna kilichong'olewa, kwa sababu kabureta hiyo haikuundwa na kifuniko hicho. Tazama ubavuni: waya wa choki unazungusha kisahani chenye matundu, na matundu hayo yakilingana na njia za ndani, petroli kutoka kwenye jeti yake ya pekee (kitundu kinachopima petroli) huchanganyika na hewa kidogo, kisha huvutwa na injini kupitia tundu lililo chini ya valvu ya aksileta. Mvuto huo huwa na nguvu pale tu valvu imefungwa, kwa hiyo ukikanyaga aksileta wakati wa kupiga stata unaiua choki kwa mguu wako mwenyewe. Jaribu kesho bila kugusa pedali.

Moshi mweusi una chanzo kingine. Ama waya haurudi hadi mwisho, ama uso wa kisahani umechubuka na kupitisha petroli wakati wote. Legeza waya kidogo, kisha sukuma mkono wa kisahani kwa kidole injini ikiwa inanguruma. Moshi ukikoma, kosa ni la waya. Usipokoma, fungua kisahani na ukisugue taratibu juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo, mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Jeti ipulizwe kwa upepo wa kompresa. Anayeichokonoa kwa waya huipanua, na hapo ulaji wa petroli hauna dawa.

Bibi Gereji
Nakubaliana na Jeti Kavu, ila ulinganisho ulioombwa tusiuache. Zenith ina kifuniko cha hewa ambacho kila fundi anakifahamu, na inaipa injini hii nguvu nzuri mlimani, lakini uso wa mfuniko wake wa juu hupinda, petroli ikapita pasipostahili, na gari likakosa sailensa, yaani injini haingurumi taratibu bila kukanyaga aksileta. Ukiuziwa iliyotumika, weka rula juu ya uso huo kabla ya kutoa fedha. Weber hula petroli kwa kiasi na huwaka kwa urahisi, ingawa gari likiwa na mzigo utahisi limepungua pumzi. Mimi, kwa gari la shamba linalopanda vilima, ningeitengeneza Solex kwanza, kwani gharama yake ni gasketi na jioni moja ya kazi.

Pwani Motor
Huku Mombasa Weber yangu sijaivutia choki tangu niifunge. Sifa zetu za joto zisikushawishi, ndugu wa nyanda za juu.

Mkulima wa Njombe
Shukrani, wakuu. Nimewasha asubuhi hii bila kukanyaga, na limeshika upesi. Moshi bado upo, na taa ya rangi ya kaharabu kwenye dashibodi huwaka injini ikipata moto.

Jeti Kavu
Taa hiyo inakuambia kwamba choki bado imevutwa ilhali injini imeshapata joto, maana swichi yake inategemea mkao wa kishikio cha choki na joto la silinda hedi. Anza na waya kabla ya kugusa kisahani. Halafu chomoa kijiti cha oili ukinuse: kikinuka petroli, badilisha oili kabla ya kulitembeza gari, kwa kuwa petroli iliyozidi imekuwa ikiteremka kwenye kuta za silinda.