Kofia ya kichanga inanitoka mawimbi, na mimi ni mashoto. Naomba ushauri

Mashoto wa Pasua

Habari zenu wapendwa, na wakubwa wote shikamooni.

Nipo Moshi, Pasua. Wifi yangu yuko Marangu, anatarajia kujifungua mwishoni mwa Julai. Ni mtoto wa kwanza, wamemsubiri miaka sita. Baridi ya kule juu mwezi wa saba mnaijua. Nimeweka nia kwamba siku nikipanda kumwona mzazi, pamoja na ndizi na nyama ya mtori, nibebe kofia na soksi nilizofuma mwenyewe.

Nilianza Aprili na hadi leo sina kofia. Jirani yangu ni mama mtu mzima, alifundishwa kufuma na masista tangu akiwa binti, na vitambaa vya makochi yake vinapendeza mno. Ananielekeza kwa moyo, ila mimi ni mashoto. Nikikaa ubavuni pake kila anachofanya nakiona kinyume, mpaka naishiwa nguvu.

Kofia yenyewe naifuata kwenye video ya Mmarekani. Anasema mzunguko wa kwanza mishono 12, wa pili 24, wa tatu 36. Duara lake linalala kama sahani. Langu linasimama mawimbi kama lazi ya gauni la kipaimara. Nimehesabu, hesabu iko sawa. Nimefumua mara nne na uzi umeanza kuota manyoya.

Uzi nao: nilinunua bonge Mbuyuni, halina lebo, na unakwaruza kidogo. Je, unafaa kwa kichanga? Kroshia yangu, ile sindano yenye ncha ya ndoana, ni ya milimita 4.

Mama Wawili, Sakina

Dada, hilo la mashoto lisikuumize. Binti yangu wa pili ni mashoto na nilimfundisha mimi ninayetumia kulia. Usikae ubavuni. Kaa uso kwa uso na jirani yako, magoti yakaribie kugusana, umtazame kama unavyojitazama kwenye kioo. Mkono wake wa kulia utakuwa upande mmoja na wako wa kushoto. Binti yangu alielewa mchana mmoja.

Na video iweke mbele ya kioo, uitazame kiooni. Duara lako litazunguka kama mshale wa saa, la kwao linazunguka kinyume chake. Kofia haijui tofauti.

Bibi Mfumaji, Ngarenaro

Marahaba mwanangu. Kabla sijakuambia ufumue mara ya tano, nijibu mambo mawili. Je, unazungusha uzi kwenye kroshia kabla hujaichomeka kwenye tundu? Na huo mshono jirani yako anauitaje?

Mashoto wa Pasua

Sizungushi, bibi. Nachomeka, navuta uzi, vinakuwa vitanzi viwili, navivuta vyote kwa mara moja. Jirani anauita dabo. Na kwenye video wanasema dabo hiyo hiyo.

Bibi Mfumaji, Ngarenaro

Basi ugonjwa tumeuona, na wewe huna kosa, wala jirani yako hana.

Majina ya mishono ya Waingereza na ya Wamarekani yanafanana lakini hayamaanishi kitu kimoja. Mshono mfupi unaoufanya wewe, Mwingereza anauita dabo. Mmarekani huo huo anauita singo. Dabo ya Mmarekani ni mshono mrefu: unazungusha uzi mara moja kwanza, ndipo unachomeka, unavuta, vinakuwa vitanzi vitatu, unavuta viwili, halafu viwili tena. Huo mrefu Mwingereza anauita trebo. Masista waliomfundisha jirani yako bila shaka walitumia vitabu vya Uingereza, kama waliotufundisha sisi. Ukitaka kujua maelekezo ni ya wapi, tafuta neno singo. Vitabu vya Uingereza vya siku hizi havina mshono wa jina hilo, kwa hiyo ukilikuta, mara nyingi ni ya Marekani.

Sasa kwa nini mawimbi? Duara linapanuka kwa kimo cha mshono. Mshono mrefu unalisogeza mbali kila mzunguko, kwa hiyo ukingo unahitaji mishono mingi ya kuujaza: 12, 24, 36. Mshono mfupi unalisogeza kidogo tu. Wewe umejaza mishono 36 mahali penye nafasi ya nusu yake, nayo ikikosa pa kulala inasimama. Kwa mshono wako mfupi anza na 6, kisha 12, 18, 24, 30, kila mzunguko ukiongeza 6. Duara likianza kukunjika kama bakuli, umeongeza kidogo mno au unakaza mkono. Likianza kuwa lazi, umezidisha.

Kwa kichanga mimi napenda huo mfupi, maana haupitishi upepo.

Kipimo: kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake kina mzunguko wa sentimita 35 hivi. Kofia ipungue sentimita 2 ili ishike, yaani 33. Gawanya kwa 3.14, unapata 10.5. Ongeza mishono mpaka duara liwe na upana wa sentimita 10.5, ukipima kwa futi ya fundi katikati kabisa. Hapo acha kuongeza, fuma kila tundu mshono mmoja, nayo itaanza kushuka yenyewe. Kutoka utosini hadi ukingoni sentimita 13 au 14 zinatosha.

Fundi wa Kiboriloni

Kuhusu uzi usio na lebo: kata kipande kama kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, ukichome. Sufu inanuka nywele na majivu yake yanasagika. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka na kuacha kichembe kigumu. Fanyia nje, mbali na watoto.

Ila kama unakwaruza, hata uwe wa nini, achana nao. Usugue chini ya kidevu chako. Pakikataa pale, shavu la kichanga litakataa zaidi.

Njia ninayotumia mimi: hapa Kiboriloni kwenye mitumba napekua sweta za watoto za uzi laini, nafumua. Kabla hujalipa, geuza sweta utazame mshono wa ubavuni. Ukiona nyuzi zimekatwa na kuzungushiwa overloki, acha, utapata vipande vipande. Ukiona pande mbili zimeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, hiyo inafumuka yote. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, ufue, uutundike na kitu kizito kidogo chini yake ili ujinyooshe. Ukiwa mwembamba, fuma nyuzi mbili pamoja.

Mama Wawili, Sakina

Mimi ningesema pamba tu kwa mtoto mchanga. Ngozi inapumua na haina manyoya ya kuingia mdomoni.

Bibi Mfumaji, Ngarenaro

Kwa Moshi mjini Februari nakubali kabisa. Kwa Marangu Julai nasita. Pamba ikilowa inachukua muda mrefu kukauka, na kule jua linaweza kujificha siku nzima. Tena pamba haivutiki, kofia ikikosewa kidogo haisamehe. Sufu ina joto, lakini mtu akiifua kwa maji ya moto na kuisugua inasinyaa, na nyumba ya mzazi ina wasaidizi wengi. Nani atamkumbusha kila mmoja? Akriliki laini ya watoto inafulika na kukauka haraka, mradi pasi isiiguse.

Muuguzi mstaafu, Tengeru

Wanangu, mmesema vizuri juu ya uzi, mimi nataka kusema juu ya mtoto.

Soksi ukimaliza, zigeuze nje ndani. Kila ncha ya uzi iliyobaki ipitishwe katikati ya mishono kwa sindano butu, huku na kurudi, ndipo uikate. Uzi mmoja uliolegea, au hata unywele wa mama, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukaza. Mtoto analia usiku kucha na watu wanampa dawa ya tumbo. Anayevaa soksi za kufuma avuliwe, vidole vitazamwe kimoja kimoja.

Usiweke vifungo wala shanga. Utepe mrefu wa kufunga kidevuni usiweke kabisa, unaweza kukaba shingo. Ukitaka shali baadaye, fuma mishono ya karibu karibu, maana tundu kubwa linanasa vidole.

Kofia inamsaidia sana siku za mwanzo, kwa sababu kichwa cha kichanga ni kikubwa kulinganisha na mwili wake na joto linapotea hapo. Lakini akishakuwa ndani, amelala, chumba kina joto, avuliwe. Kupata joto kupita kiasi nako ni hatari. Msimpime kwa viganja, viganja vya kichanga vina baridi mara nyingi. Gusa kifua au nyuma ya shingo.

Mashoto wa Pasua

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Jana tumekaa na jirani uso kwa uso, magoti kwa magoti. Nilipomweleza habari ya dabo mbili alinyamaza, akaenda kuchukua kitabu chake cha zamani, akafungua ukurasa wa mishono. Ni cha Uingereza, bibi.

Uzi laini nimepata, ule unaokwaruza nimeuacha. Nilianza na 6. Duara limelala kama sahani. Ila kwa furaha niliacha kuongeza likiwa na sentimita 9, na kofia imetoka na mzunguko wa 28. Ni nzuri, lakini haitamwingia mtoto wa wifi. Niifumue?

Muuguzi mstaafu, Tengeru

Usiifumue mwanangu! Njiti wa wiki 32 ana kichwa cha sentimita 29 hivi. Hao ndio wanaolelewa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa kangaruu, wakivaa nepi, soksi na kofia tu. Ifue, ikauke vizuri, kisha ukaulize kwenye wodi ya watoto wachanga iliyo karibu nawe kama wanapokea. Uliza kwanza, kila wodi ina utaratibu wake.

Mashoto wa Pasua

Kumbe ina mwenyewe. Nitaenda kuuliza Jumatatu.

La mwisho kwa bibi: kofia ya pili imefika 10.5 na nimeanza kushuka. Soksi zimenishinda. Unyayo wa kwanza una sentimita 9 na wa pili 10, na mishono nimefuma kwa kufuata hesabu moja.

Bibi Mfumaji, Ngarenaro

Ulifuma siku mbili tofauti, au mmoja asubuhi na mwingine umechoka usiku. Mkono haukazi sawasawa. Fuma nyayo zote mbili kwa kikao kimoja, kabla hujapandisha ubavu wa hata mmoja. Weka pini ya nepi kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko, uhamishe ukifika, na idadi iandike kwenye karatasi. Tisa ndiyo ya kichanga. Huo wa 10 utunze, atauvaa akifika miezi mitatu, ufume mwenzake.

Mashoto wa Pasua

Zote mbili 9, bibi. Nimezipima mara tatu. Kesho napandisha ubavu.