Tupeane uzoefu: ganzi ya kemo na vidonge vya kulinda neva

MamaUmoja: Dada yangu yuko kwenye paklitakseli, dawa ya kemo ya saratani. Vidole vimekufa ganzi, usiku nyayo zinamwaka moto. Kanisani wanamwambia anunue vidonge vya alfa lipoiki na vitamini E, eti vinalinda neva. Nani ametumia?

Mjane_Kayole: Umenigusa penyewe. Mimi nilipewa kemo ya oksaliplatini, saratani ya utumbo mpana. Baridi ile ya Julai, nikigusa maji ya bomba ni kama nimepigwa na stima hadi kiwiko. Nikinywa kitu baridi koo linakaba, nadhani ndiyo nakata roho. Kemo ikaisha, baridi ikaniachia, ganzi ikabaki. Siku moja naepua chai, binti yangu akapiga kelele: kidole kimeshatoka lengelenge na mimi sijasikia joto lolote! Mpaka leo ndiye ananifunga vifungo vya blauzi. Vidonge nilinunua mjini kwa pesa ya karo. Ganzi haikusogea.

BabaT: Vifungo jamani. Hata mimi.

Nuru_K: Mimi alfa lipoiki ilinisaidia. Msivunje watu moyo.

NesiMstaafu: Nuru, ganzi ya wengi hupungua yenyewe kemo ikishaisha, utajuaje ni kidonge? Vitamini E ilipimwa, haikuzuia. Na asetili-karnitini, kidonge kingine kinachouzwa cha neva, msiiguse kabisa. Matokeo ya 2013 kutoka Marekani, wanawake 409 wenye saratani ya matiti: kufikia wiki ya 24, waliomeza hiyo ndio ganzi iliwazidi.

Nuru_K: Marekani, Marekani! Miguu ni yangu.

NesiMstaafu: Ni yako, mama. Ila ukimeza hizo antioksidanti, yaani alfa lipoiki na vitamini E, kemo ikiendelea, madaktari wanahofia zinaweza kuilinda hata saratani yenyewe isiuawe na kemo.

Juma_Dereva: Mzee wangu alitoka steji hadi nyumbani na msumari umepenya ndala, umeingia kwenye nyayo. Hakujua! Mjukuu ndiye aliyeona damu sakafuni.

BabaT: Mungu wangu! Yuko salama?

Mjane_Kayole: Juma, tuambie, mzee anaendeleaje?

Shosho_Dago: MamaUmoja, mkande dada na mafuta ya nazi ya moto.

NesiMstaafu: Moto tena, shosho, na mtu hasikii joto? Yawe vuguvugu, apimiwe na mwingine. Avae viatu vilivyofunika, nyayo zikaguliwe kila jioni. Na amwambie daktari sasa, kabla ya kemo inayofuata, kwa sababu dozi inaweza kupunguzwa. Ikiwa ni maumivu, aulize kuhusu duloksetini, dawa ya maumivu ya neva, lakini ya kuandikiwa na daktari.

MamaUmoja: Anaogopa akisema watamsimamishia kemo.

Mjane_Kayole: Mimi pia niliogopa. Asinyamaze. Enda naye, useme wewe.

Juma_Dereva: Mzee alidungwa sindano ya pepopunda, kidonda kimefunga. Ndala zote nimetupa.