Mzee anakuja Agosti na kaomba jazz tu: nimpeleke mji gani wa Marekani?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu, habari za majukumu.
Baba yangu anatua hapa Columbus, Ohio, katikati ya Agosti, mara yake ya kwanza Marekani. Alipiga tarumbeta kwenye bendi ya polisi mpaka akastaafu, na pale Tanga tumekulia santuri za Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazz, asubuhi na jioni. Hajaulizia Disneyland wala Niagara. Kaomba jazz, "ya kukaa karibu nikaona vidole vya mpigaji."
Ana miaka 72, magoti yanamsumbua, hanywi pombe, na ikifika saa nne usiku anasinzia. Mfuko wangu ni wa kawaida. Nawaza New Orleans, Chicago, New York au Detroit, na mimi mwenyewe ni mtu wa bongo fleva, msinicheke. Mwenye uzoefu anilinganishie.

Kaka wa Harlem
Mkuu, kwa wapigaji wenyewe New York haina mpinzani. Anayejijua, atoke Detroit au Havana, mwisho wa siku anahamia huku. Klabu ya Village Vanguard ipo tangu 1935, na kila Jumatatu kuna bendi kubwa ya watu 16 ambayo mizizi yake ni ya 1966.
Ila kwa magoti hayo nakwambia ukweli: Vanguard iko chini ya ardhi, ngazi zake kali, na klabu ya Smalls vilevile ni ya kushuka. Mpeleke klabu ya Dizzy's, pale Columbus Circle, Manhattan. Kuna lifti, na nyuma ya wanamuziki ni kioo kitupu, unaona Central Park yote. Jiandae tu: klabu nyingi za huku kiingilio ni kivyake, na mezani lazima uagize kitu. Soda inakubalika.
Halafu Corona, Queens, kuna nyumba ya Armstrong mwenyewe, aliyoishi toka 1943 mpaka anafariki 1971. Imeachwa kama ilivyokuwa, mpaka makabati ya jikoni ya bluu ile inayowaka. Kwa mzee wako hiyo peke yake ni hija.

Mama Kadzo
Shikamoo zimfikie mzee. Mimi niko New Orleans miaka mingi sasa, mwenyewe ni wa Mombasa, na hapo juu naona watu wanasahau jambo moja: huyu ni mtu wa bendi ya matarumbeta! New York ataketi apige makofi. Huku bendi inampitia mlangoni.
Jumapili vyama vya mitaani hufanya second line, yaani maandamano ya bendi. Tuba, tromboni na tarumbeta mbele, wanachama wamevaa suti za rangi moja na mabango ya manyoya, na mtaa mzima nyuma unacheza. Kama aliwahi kuona beni, ile ngoma ya pwani ya kuiga bendi za kijeshi, na kwa umri wake lazima aliona, atadhani jamaa walivuka bahari na ngoma zao. Tena hakuna kiingilio.
Jioni mpeleke ukumbi wa Preservation Hall, ipo tangu 1961. Hakuna baa ndani, kipindi kimoja hakifiki saa nzima, na huanza mapema. Muwahi viti, wengine husimama. Kabenchi ka mbele pale, mate ya mpiga tromboni yanaweza kukufikia, nisiseme vidole.
Shida yako ni Agosti. Joto la hapa mwezi huo si la Tanga, ni la kufungiwa ndani ya sufuria. Na vimbunga: Katrina 2005 na Ida 2021, vyote viwili vilitua Louisiana tarehe 29 Agosti. Mwezi huo mimi simwaliki hata adui yangu.

Papa wa Lubumbashi
Mama Kadzo amesema vizuri. Niongeze: mufike Congo Square, pale mutaa wa Tremé, New Orleans. Ni hapo watumwa walikuwa wanakusanyika siku ya Mungu kupiga ngoma zao, jina lenyewe linaeleza wengine walitoka wapi. Na mwaka 1960 Armstrong alipofika Léopoldville, Kinshasa ya leo, watu walimubeba juu ya kiti kama mufalme. Mzee wako anajua, mumuulize.

Dada Southside
Mbona Chicago hamuitaji? Armstrong alizaliwa New Orleans sawa, lakini 1922 alimfuata mwalimu wake King Oliver huku, na zile rekodi za bendi yake Hot Five kuanzia 1925, zilizomfanya awe Armstrong, zilifanyika hapa. Mpiga piano Herbie Hancock ni mtoto wa hapa pia, yule aliyejiita Mwandishi miaka ya 70 na mpiga ngoma wake Billy Hart akaitwa Jabali. Wakati huo Wamarekani wanatafuta majina ya Kiswahili, sisi tunatafuta ya Kizungu. Haya, tuendelee.
Klabu ya Jazz Showcase wana onyesho la Jumapili saa kumi jioni, wazee na watoto wanakuja. Wikiendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kuna tamasha la jazz Millennium Park, bure. Green Mill ni ukumbi mzuri wa toka 1907, lakini utamu wake ni usiku mnene, kwa mzee uache.

Fundi wa Livernois
Wakuu mnamzungusha mzee bure. Columbus hadi Detroit ni saa tatu na kitu kwa gari. Chicago ni karibu mara mbili ya hapo, New York ni siku nzima.
Labor Day hiyohiyo sisi tuna tamasha letu, tangu 1980, bure kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, Hart Plaza na Campus Martius. Majukwaa yanaanza mchana, kwa hiyo akisinzia saa nne atakuwa ameshashiba.
Na huu si mji wa kuazima wanamuziki. Ron Carter, mpiga besi, na Donald Byrd, mpiga tarumbeta, walisoma Cass Tech, shule ya serikali iliyokuwa na walimu wa muziki wa maana. Mishahara ya viwanda vya magari ndiyo iliyolisha klabu. Baadaye akaja Marcus Belgrave, aliyepiga tarumbeta kwa Ray Charles, akakaa hapa kufundisha vijana: Geri Allen, Kenny Garrett, Regina Carter. Mzee wako akimtaja Belgrave kwa wazee wa hapa, hatalipia soda.
Klabu ya Baker's Keyboard Lounge ipo toka 1934, kaunta imechorwa vibao vya piano, chakula ni cha nyumbani.

Kijana wa KC
Kansas City je? Mji wa Charlie Parker na Count Basie, na mtaa wa jazz wa 18th and Vine! Ukumbi wa Mutual Musicians Foundation wanapiga usiku wa manane mpaka alfajiri.

Fundi wa Livernois
Usiku wa manane, na mzee anasinzia saa nne. Soma uzi vizuri mdogo wangu.

Kaka wa Harlem
Swali: mzee anakaa mpaka lini? Kama anaondoka Septemba, Detroit, nakubali kwa shingo upande. Kama anakaa zaidi, msifanye uchaguzi wa mmoja.

Mtoto wa Chumbageni
Mpaka mwanzoni mwa Novemba, Mungu akipenda. Kwa hiyo nimeona hivi: Labor Day Detroit kwa gari, halafu Oktoba nauli ya ndege New Orleans. New York akirudi mara nyingine, ile nyumba ya Queens imeniuma lakini hela ndiyo hiyo. Nimemsomea majibu kwa simu, akauliza kama Detroit kuna viti.

Fundi wa Livernois
Hart Plaza unakaa kwenye ngazi za zege. Mbebee mto wa kukalia, kofia, na mfike mapema.

Mama Kadzo
Oktoba vizuri, joto limepungua, ingawa vimbunga havijafunga rasmi, kwa hiyo kata tiketi inayobadilishika. Ratiba za second line hutolewa na redio WWOZ, njia nzima na vituo. Usimtembeze nayo, ni saa tatu nne za miguu. Chagua kituo kimoja bendi inapopumzika, mkae kivulini muisubiri. Na akibeba tarumbeta yake, sitashangaa wakimwita.