Kwa nini kampuni za chipu zinatangaza tarehe halafu zinasogeza?

Wakuu salama? Naomba kueleweshwa. Unapanga kuunda PC, unabana hela kusubiri prosesa iliyotangazwa, siku zikikaribia unaambiwa imesogezwa. AMD walifanya hivyo 2024 na prosesa zao za Ryzen 9000, ilikuwa itoke 31 Julai, wiki moja kabla wakapeleka mbele. Si wangekaa kimya mpaka mzigo ukamilike?

Jibu: Wakae kimya vipi mkuu, wanaotengeneza motherboard na laptop lazima wajue miezi mingi kabla ndo wajipange, na wenye hisa nao wanataka kusikia kitu. Halafu AMD walikuwa waungwana, walisema wazi mzigo wa kwanza waliowapelekea wasambazaji haukufikia ubora, modeli ndogo za Ryzen 9000, yaani 9700X na 9600X, zikatoka 8 Agosti, zile kubwa tarehe 15. Hapo nani kaumia?

Jibu: Kuchelewa kwenyewe ni Intel, wapinzani wa AMD, na teknolojia yao ya kutengenezea chipu iliyoitwa nanomita 10 aisee. Ilitarajiwa 2016, ikawa mwakani, mwakani tena, maana walitaka kubana transista (vile viswichi vidogo ndani ya chipu) mara 2.7 kwa mpigo mmoja na kiwandani chipu zisizo na kasoro zikawa zinatoka chache mno. 2018 wakasema tayari tunauza, ukiangalia kinachouzwa ni prosesa ya i3-8121U peke yake, kore mbili, tena grafiksi imezimwa 😂 Ahadi imetimia kwenye makaratasi, we nenda dukani uone. Zenyewe za maana, prosesa za Ice Lake, zilikuja 2019.

Muuliza swali: Duh, kumbe. Sasa sisi wanunuzi tutajuaje?

Jibu: Sikiliza maneno yao. "Tumeanza kusafirisha" sio "ipo madukani". Intel hao hao waliahidi kadi zao za grafiksi za Arc robo ya kwanza ya 2022, wakazindua za laptop tarehe 30 Machi, robo inaisha kesho yake, na kadi ya A770 ya desktop watu wameipata Oktoba. Mi namkubali Jensen Huang, bosi wa Nvidia, chipu yao ya AI ya Blackwell ilipochelewa na tetesi zikaanza kuwaangukia TSMC, kiwanda kinachowatengenezea chipu, akasema kosa la usanifu ni letu asilimia 100.

Jibu: Mtoa mada kama una kazi ya kufanya nunua iliyopo. Hiyo 9700X yenyewe ilipotoka kwenye gemu iliizidi 7700X, ile ya kizazi kilichotangulia, kidogo sana, na bei ya 7700X ilishashuka.