MJADALA: Binti aliyezaa karuhusiwa kurudi shule. Mtaa nao umemruhusu?

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila likiguswa watu wanapandisha sauti kabla hawajasikiliza.

Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za serikali. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukafuata. Kabla ya hapo shule zilikuwa zikitumia Kanuni za mwaka 2002 kumfukuza binti mjamzito kwa kosa la maadili, na mwaka 2017 Rais Magufuli akiwa Chalinze alisema wazi kwamba katika utawala wake aliyepata mimba harudi shule. Zanzibar walisharuhusu tangu 2010, Kenya wana sera yao tangu 1994. Bara tulichelewa, ila tumefika.

Hoja yangu: waraka upo, lakini anayeamua nani asome bado ni mdomo wa jirani. Na mdomo huo haumuumizi binti peke yake, unamkinga pia aliyempa mimba.

Tuanze na binti. Anarudi kidato cha pili, mtoto kamwacha kwa bibi. Wiki ya kwanza keshapewa jina, "Mama Junior", na mwalimu mmoja anacheka anapolisikia, kwa hiyo jina linathibitishwa rasmi. Akijibu swali vibaya anaambiwa akili imebaki kwenye nepi. Akijibu vizuri, "mama mtu mzima huyo". Saa nne maziwa yanamjaa, anavaa sweta kwenye joto ili shati lililolowa lisionekane. Mama wa rafiki yake wa zamani anamkataza mwanawe kukaa naye dawati moja. Hapo hakuna aliyevunja waraka hata kidogo. Muhula wa pili hayupo, na sisi tunasema: si mnaona, wenyewe hawataki shule.

Sasa mwanaume. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi kifungo chake ni miaka 30. Mvua kweli kweli. Lakini fuatilia kesi ya kawaida kijijini. Mimba ikigundulika, neno la kwanza la mama huwa "umetutia aibu", halafu ndipo linakuja swali la nani kahusika. Wazee wanaitwa. Upande wa mwanaume unamtuma mjomba, anakuja na laki kadhaa au ng'ombe, na maneno matamu: jamani tuyamalize kifamilia, msimwanike mtoto, nani atamuoa akishasimama mahakamani? Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayomaliza mchezo, kwa sababu ni ya kweli. Tumeifanya kuwa ya kweli sisi wenyewe. Kesi ikifika Dawati la Jinsia, binti anasema aliyempa mimba ni dereva wa lori aliyekuwa anapita, jina hamjui. Kisha anapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine. Shahidi hayupo, kipimo cha vinasaba hakuna wa kupimwa, mwendesha mashtaka anabaki na jalada mkononi. Mhusika yupo kijiweni anapiga stori.

Adhabu ya miaka 30 imeshindwa na hofu ya "watu watasemaje". Mimi sioni ushindi wa maadili hapo.

Halafu kuna ule msemo wetu: "Kaponzwa na chipsi." Unatamkwa kwa raha, kana kwamba umemaliza uchunguzi. Lakini hebu tembea naye. Shule ya kata iko kilomita saba, bweni hakuna, chakula cha mchana kinategemea mchango ambao baba hajalipa. Anatoka nyumbani alfajiri na chai kavu. Wa bodaboda anampa lifti Jumatatu, Jumanne anamnunulia chipsi mayai, na baada ya mwezi anadai malipo yake. Tunaiita tamaa ya mtoto. Ya mtu mzima aliyekuwa akihesabu siku hatuna jina lake. Hata kwenye zile shule ambako wasichana walipangwa mstari na kubinywa matumbo kupimwa mimba, sijawahi kusikia zoezi la kuwapanga mstari wanaume wa kijiweni. Wala walimu.

Upande wa pili wana hoja, na sitaki kuwakejeli. Mzazi anayehofia kwamba binti yake ataona kuzaa shuleni ni jambo la kawaida si mjinga, ana uchungu wa kulea. Ila namwomba atazame marufuku ilizaa nini. Ilikuwepo miaka yote, na bado utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 22. Sidai waraka ndio uliopunguza, ulikuwa na miezi michache tu. Nasema kwamba kama kufukuza kungekuwa kinga, tungeshaiona kazi yake.

Wengine husema wapelekwe vyuo vya maendeleo ya wananchi, vipo 54, na baadhi vina sehemu ya kulea watoto mama akiwa darasani. Hapo nakubaliana nusu. Kwa binti asiye na bibi wa kumwachia mtoto, chuo kinaweza kumfaa kuliko shule yake ya zamani. Achague mwenyewe basi. Kumpeleka kule kwa sababu sisi tumekinai kumwona kwenye sare ni kufukuza kwa jina zuri.

Na wale wa "dini hairuhusu": dini ninazozijua mimi zinamhesabia mzinzi wa kiume pia, ila kwenye mimbari zetu sehemu hiyo husomwa haraka haraka.

Karibuni, hasa walimu, wajumbe wa kamati za shule na wazazi mnaopinga waraka. Naomba mjibu kwa mnayoyaona kwenu. Aliyerudi alimaliza? Mwalimu aliyemtania aliitwa na nani? Na kesi ya mwisho ya mimba ya mwanafunzi katika kata yenu iliishia mahakamani au sebuleni?