Katikati ya mji kumependeza, migahawa imejaa, lakini maduka hayaji. Tunakosea wapi?

FremuTupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya wenye majengo katikati ya mji. Tumehangaika miaka saba kuufufua. Barabara kuu imesakafiwa upya, taa zinawaka, miti imeshika, na majengo mawili yaliyokuwa ofisi yamegeuzwa kuwa nyumba za kupanga na yamejaa. Jioni ukipita utadhani ni sikukuu. Migahawa ipo, baa zipo, saluni zipo, jimu ipo.

Maduka ndiyo hayaji. Nazungumzia duka ambalo mtu anaingia mikono mitupu na kutoka na kitu: viatu, shuka, daftari, balbu, zawadi ya mtoto. Kati ya fremu 41 za chini, 14 ni tupu, na kati ya zenye watu, zinazouza bidhaa ni nne. Moja ya hizo nne ni ya miwani.

Tumeziandikia kampuni kubwa zenye matawi mengi. Nyingi zimekaa kimya, na mbili zilizojibu zimetaka kujua watu wangapi wanaishi karibu na wanatumia kiasi gani. Wenzangu kwenye kamati sasa wanataka tuchapishe kijitabu cha rangi na kuweka mabango ya kuvutia wawekezaji. Roho yangu inasita. Wenye uzoefu nipeni mwanga kabla pesa haijateketea.

Nawasilisha.

KobeMwendo

Nimevuta kiti. Nasubiri wenye nondo.

MzeeKaunta

Katibu, nimesimama nyuma ya kaunta miaka ishirini na mbili, kwa hiyo nitakuuliza swali la kaunta. Jumanne saa nne asubuhi, nani anapita hapo?

Unasema jioni ni sikukuu. Sawa, ila mwenye duka la viatu anafungua asubuhi na anafunga jua linapozama. Hao watu wako wanaanza kumiminika saa moja usiku, wamevaa, wamepaka manukato, wanakwenda kukaa. Hakuna anayekwenda kukaa na wenzake huku amebeba shuka mbili na ndoo. Huo umati ni wa mgahawa. Kwa duka ni sawa na mvua inayonyesha shamba la jirani.

Usihesabu watu tu, hesabu mifuko. Simama kona moja saa nzima, piga alama kwa kila anayepita, na alama nyingine kwa kila aliyebeba kitu alichonunua. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na Jumamosi. Ukishapata karatasi hiyo ndipo ukatafute mpangaji, maana mwenye duka mwenye akili ataamini karatasi yako kabla ya kijitabu cha rangi. Mimi nilipokuwa natafuta fremu ya pili nilikaa siku tatu kwenye benchi la upande wa pili wa barabara. Dalali akadhani nimechanganyikiwa.

FremuTupu

Mzee, nitakuwa mkweli. Miaka saba hatujawahi kuhesabu hata siku moja. Tuna picha za jioni tu.

DalaliMstaafu

Mzee Kaunta kasema ya mteja, mimi niseme ya mwenye jengo, maana huko ndiko kwenye kidonda na watu hawapendi kukigusa.

Mtaani utasikia kwamba fremu ikikaa tupu, mwenye nyumba ni mjinga, si apunguze pango? Mara nyingi si mjinga. Amekopa, na benki imelithamini jengo kwa pango linalotarajiwa. Akisaini mkataba wa nusu bei, ameandika mwenyewe kwamba jengo lina thamani ndogo kuliko ilivyo kwenye makaratasi ya mkopo. Fremu tupu haiandiki chochote. Anaweza kuendelea kusema "bado natafuta mpangaji" mwaka baada ya mwaka, na hesabu zake zikapendeza.

Pili, migahawa imewaharibia bei. Baa inaweza kubeba pango ambalo duka la vitabu haliwezi hata kwenye ndoto. Baa moja ikishalipa, kila mwenye fremu mtaa ule anaamini hiyo ndiyo bei. Duka la bidhaa mtaji wake umelala kwenye mzigo, faida kwa kila kitu ni kiduchu, na mwezi ukiwa mbaya pango halijui.

Dawa niliyoona ikifanya kazi ni pango linalofuata mauzo. Mpangaji analipa kiwango kidogo cha kuanzia, na juu yake asilimia ya mauzo yake. Kwenye majengo makubwa ya maduka huo ni utaratibu wa kawaida kabisa, ila huku barabarani watu wanaogopa kwa sababu unadai mpangaji afungue daftari lake na mwenye nyumba aliamini. Asiyetaka hilo atoe miezi ya bure mwanzoni na kuacha pango la kwenye mkataba kama lilivyo. Benki haitashtuka, na mpangaji atapumua.

Lakini kabla ya bei, niambie ukubwa. Hizo fremu 14 zina ukubwa gani? Na ni za nani?

FremuTupu

Hapo umenigusa, mkuu. Tisa kati ya hizo ni za mtu mmoja, naye ni mwenyekiti wa kamati yetu. Ziko chini ya jengo lililokarabatiwa. Kila moja ni kama mita za mraba 280, ndefu kama treni, kioo mbele kidogo na giza nyuma. Zimeachwa saruji tupu, yaani mpangaji aje na sakafu yake, dari yake na umeme wake.

DalaliMstaafu

Basi umejijibu. Mwenyekiti wako anamsubiri mpangaji ambaye hajazaliwa. Mita 280 za saruji ni za kampuni kubwa, na kampuni kubwa imeshakuuliza takwimu ukakosa. Mtu mwenye duka dogo anataka mita 30 au 40 zenye taa zinazowaka, akaingia na rafu zake Jumatatu akauza Alhamisi.

BintiRamani

Niongezee historia, maana kosa hili lina umri. Mwaka 1956 kule Edina, Minnesota, lilifunguliwa Southdale, jengo la maduka lililofunikwa lote, kazi ya msanifu Victor Gruen aliyezaliwa Vienna. Maduka yalipoanza kukimbilia majengo ya namna hiyo, Gruen huyohuyo akaitwa kuitibu miji iliyokimbiwa. Kalamazoo, Michigan, ikafunga sehemu ya barabara ya Burdick mwaka 1959: magari nje, miti na mabenchi ndani. Miji mingi ya Marekani ikaiga. Fresno ikafunga Fulton mwaka 1964, Chicago ikaibakizia State Street mabasi tu mwaka 1979. Chicago ikarudisha magari mwaka 1996, Fresno mwaka 2017.

Sasa angalieni Copenhagen. Strøget ilifungiwa magari mwaka 1962, kwanza kama jaribio, na wenye maduka walilalamika kwamba watakufa njaa. Hadi leo ni mtaa wa maduka. Matofali ni yaleyale, mabenchi ni yaleyale. Kwa maoni yangu tofauti ni kwamba Copenhagen watu walikuwa tayari wanaishi, wanasoma na kufanya kazi hatua chache kutoka hapo, wakati miji mingi ya Marekani ilipamba sebule baada ya wenye nyumba kuhama.

Kwa hiyo FremuTupu, hizo nyumba za kupanga zilizojaa ndizo mtaji wako kuliko taa na miti. Waliomo humo wananunua wapi balbu? Nenda ukawagongee uwaulize. Kila jibu la "napanda gari nakwenda pembeni ya mji" ni duka ambalo lingeweza kuwa chini ya ngazi zao.

Na usitawanye. Maduka manne yaliyotapakaa kwenye fremu 41 ni sawa na hakuna duka. Chagua kipande kimoja, hatua mia hivi, pande zote mbili za barabara, na upange maduka hapo tu. Mwenye viatu hamwogopi mwenye mikoba akiwa jirani, anamhitaji.

MgeniWaJioni

Mnajisumbua. Watu wananunua kwenye simu. Geuzeni hizo fremu zote migahawa, mfunge mjadala.

MzeeKaunta

Kijana, simu haikupimi mguu. Simu haikushonei zipu iliyokatika saa mbili kabla ya harusi. Kuna vitu vimeondoka mitaani na havirudi, hilo nakubali, sitapoteza pumzi kumtafutia mtu duka la kanda za video. Lakini vya kujaribu, vya kutengeneza na vya dharura bado vina mguu wake.

Na mgahawa wa ishirini utakula wa kumi na tisa. Umati uleule utagawanywa.

BintiRamani

Mgeni hajakosea kote. Huenda 41 zote kuwa maduka haiwezekani tena, na kamati ikubali hivyo. Fremu za pembeni zigeuzwe karakana, kliniki au hata nyumba, ili kile kipande kimoja kibaki kimebana.

SindanoNaUzi

Mimi nilikuwa mpangaji wa muda, niseme tulivyoishi.

Mfano ambao watu wa fani wanautaja sana ni Newcastle ya Australia. Mwaka 2008 Marcus Westbury alianzisha Renew Newcastle. Barabara ya Hunter ilikuwa imejaa majengo matupu, naye hakuwaomba wenye majengo wasaini mikataba ya upangaji. Aliomba ruhusa ya kutumia, inayoendelea siku thelathini kwa siku thelathini. Akipatikana mpangaji wa kulipa, wa muda anatoka. Mwenye jengo hafungwi na kitu, na mafundi, washonaji na wasanii wakapata mlango wa barabarani.

Huko kwetu waliiga. Nilipewa fremu, nikapaka rangi mwenyewe, nikashona pazia, wateja wakanizoea. Mwezi wa kumi na moja nikaambiwa nipishe, ameingia mtu wa vinywaji. Sikupewa hata nafasi ya kutaja bei yangu. Sisemi ni nani wala wapi. Nasema tu kwamba kama mtafanya hivi, andikeni tangu mwanzo kwamba aliyeko ndani ataulizwa kwanza, na kwa pango ambalo duka linaweza kulibeba. Bila hivyo mnawatumia mafundi kama maua ya mezani.

DalaliMstaafu

Hapo kwenye kuandika, sahihi kabisa.

FremuTupu

Dada pole, na nimeliandika pembeni. Swali kwa wote: mwenyekiti akikataa kugawa zile fremu, kuna namna ya kumlazimisha? Na tuache kabisa kufukuzia kampuni kubwa?

BintiRamani

Kulazimisha kunategemea sheria ya mlipo. Uingereza, tangu Desemba 2024, halmashauri zina mamlaka ya kupiga mnada haki ya kupanga duka lililokaa tupu zaidi ya siku 365 ndani ya miezi 24, mwenye jengo atake asitake. Lakini wewe ni katibu wake, utaanza na maneno matamu. Mwombe fremu moja tu, ya kona.

Kuhusu kampuni kubwa, kumbuka Woolworths ya Uingereza, kampuni ya maduka ya bidhaa mchanganyiko. Ilianguka mwishoni mwa 2008, na kufikia Januari 6, 2009 maduka zaidi ya 800 yalikuwa yamefungwa. Miji midogo kwa mingi ikabaki na pengo katikati ya barabara kuu kama jino lililong'olewa. Kampuni kubwa ikija ipokeeni, ila msijenge hesabu zenu zote juu ya jina moja.

Pesa ya mabango iajirieni mtu. Mwaka 1970 wenye maduka wa Bloor West Village, Toronto, walikubali kujitoza wenyewe, kisheria, ili kuutunza na kuutangaza mtaa wao, wakati reli ya chini na majengo makubwa ya maduka vikiwanyang'anya wateja. Majaribio ya Main Street, mpango wa kufufua barabara kuu za miji, yaliyoanza Marekani mwaka 1977 katika miji mitatu yaliweka kila mji meneja wake. Sisi huwa tunamwachia katibu wa kujitolea, baada ya saa za kazi.

FremuTupu

Mrejesho, wakuu.

Nimesimama kona Jumanne na Jumamosi. Jumanne saa nne hadi saa tano asubuhi wamepita watu 63, mifuko mitano. Jumamosi mchana 212, mifuko kumi na minane, na mingi ilitoka duka la miwani, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo. Kumbe watu wa miwani huja mchana, husubiri, na hawana pa kwenda wakisubiri.

Karatasi hiyo nimempelekea mwenyekiti. Amenuna siku mbili, kisha amekubali fremu ya kona, ile iliyo jirani na miwani. Tunaigawa vyumba vinne kwa mbao, taa na sakafu kwa gharama yake mwenyekiti, pango la kufuata mauzo kwa mwaka mmoja. Kifungu cha dada SindanoNaUzi kimeingia kwenye mkataba kama kilivyo. Tayari tuna fundi viatu anayeuza pia viatu vipya, na mama wa vitambaa ambaye alikuwa akiuzia sebuleni kwake kwenye hizo nyumba za kupanga za juu. Kijitabu kimeahirishwa.

MzeeKaunta

Safi. Vyumba vinne vya mbao. Stoo umeweka wapi? Na gari la mzigo linashushia mlango gani?

FremuTupu

Mzee... stoo sikufikiria.

MzeeKaunta

Hilo giza la nyuma ulilolilalamikia. Weka huko.