Mtoto anaandika "elfu tatu na sitini" kuwa 300060: nimsaidieje?

MamaWawili: Habari za jioni, ndugu zangu. Nina binti wa darasa la tatu ambaye anajumlisha na kutoa bila shida, na ukimwonyesha 3,060 anaisoma sawasawa. Tatizo linakuja ninapomtajia namba hiyohiyo kwa mdomo ili aiandike: anaandika 300060. Nikimtajia mia nne na saba, anaandika 4007. Nikimsahihisha huitikia kwamba ameelewa, kisha kesho yake anarudia palepale. Aidha, naomba nifafanuliwe tofauti ya tarakimu, nafasi na thamani, maana kwenye daftari lake maswali hayo yamefuatana na mimi mwenyewe nimebabaika.

MwalimuMstaafu: Pole, mama, lakini binti yako si mzembe; anaandika kile anachosikia. Amesikia "elfu tatu" akaandika 3000, akasikia "na sitini" akaandika 60 pembeni yake. Asichokijua bado ni kwamba zile sifuri tatu ni viti vilivyoachwa wazi, na 60 inapaswa kuja kukaa humo.

Kata vipande vya karatasi ya daftari lenye miraba: kimoja cha miraba minne kiandikwe 3000, kingine cha miraba miwili kiandikwe 60. Mwache yeye mwenyewe akipandishe kidogo juu ya kikubwa, ncha zao za kulia zikiwa sawa, na ataona 3060 ikijitokeza bila wewe kusema neno. Fanya hivyo hivyo kwa 400 na 7. Kumfutia kosa kwa kalamu nyekundu hakutamsaidia, kwa sababu hakumwonyeshi sifuri zilikokwenda.

Kuhusu swali la pili, tarakimu ni zile alama kumi, kuanzia 0 hadi 9, ambazo namba zote huandikwa kwazo. Tazama 4,747: tarakimu 7 imo mara mbili, lakini ya kushoto iko nafasi ya mamia na thamani yake ni 700, ilhali ya kulia iko nafasi ya mamoja na thamani yake ni 7 tu. Swali likiuliza nafasi, jibu ni "mamia". Likiuliza thamani, jibu ni 700.

MhasibuWaZamani: Nakubaliana na Mwalimu, ila naona lawama nyingine ni ya namna tunavyozitaja namba zetu. Mtu akikuambia "elfu ishirini na tano", je, ni 25,000 au 20,005? Wengi wetu tutasema 25,000 kwa mazoea, lakini maneno yenyewe yanaruhusu yote mawili. Nilipokuwa nikiandika hundi nilizoea kusema "ishirini na tano elfu", na kiasi nilikiandika kwa tarakimu na kwa maneno, ili kimoja kikilegea kingine kishike. Kwa hiyo, mama, unapomtajia binti namba kubwa, chunguza kwanza kama wewe mwenyewe umeitaja kwa namna isiyo na utata.

MuuzaDuka: Mimi wanangu niliwafundisha kwa droo ya dukani. Tulitumia noti za elfu kumi, noti za elfu moja na sarafu za shilingi mia peke yake, tukaziweka kando za elfu tano na elfu mbili, kwa kuwa zinavuruga mpangilio wa kumi kumi. Sarafu kumi za mia zikitimia, lazima zibadilishwe kwa noti moja ya elfu. Kwa shilingi 30,400, walikuta safu ya elfu moja haina kitu, na hapo ndipo walipoelewa kwa nini sifuri inaandikwa ingawa mkononi hakuna noti.

MamaWawili: Ahsanteni sana. Jana tulikata vipande, naye akacheka alipoona 60 "imezimeza" sifuri za 3000. Mia nne na saba ameiandika sawasawa bila kipande chochote. Kwa elfu kumi na tano nilitarajia 15,000, naye akaandika 10005. Nikataka kumsahihisha, kisha nikakumbuka maneno ya Mhasibu, nikaitaja upya: "kumi na tano elfu". Akafuta mwenyewe.

MwalimuMstaafu: Hiyo 10005 inastahili alama ya vema, mama. Viti amevijaza ipasavyo.